Dondoo muhimu: mwalimu mgeni Stockholm

Leseni kwanza. Shahada ya Dar es Salaam au Nairobi peke yake haikupi ajira ya kudumu. Leseni ya ualimu hutolewa na Skolverket, mamlaka ya elimu ya taifa, nayo hudai Kiswidi cha kiwango cha juu, hata kwa mwalimu wa hesabu. Bila leseni, kwa kawaida shule hukuajiri kwa mwaka mmoja mmoja. Chuo Kikuu cha Stockholm kina ULV, mafunzo ya nyongeza kwa walimu waliosomea nje, ulizia mapema.

Kiswahili chenyewe ni mlango. Watoto wanaozungumza lugha nyingine nyumbani wana haki ya kufundishwa lugha hiyo shuleni, ilimradi manispaa ina wanafunzi watano wanaoitaka na mwalimu anayefaa. Somo hili halidai leseni. Ila ni kazi ya kuzunguka: shule hii saa nane, ile saa tisa na nusu, treni katikati, na darasa la watoto wachache wenye umri tofauti. Viatu imara vya baridi ni zana ya kazi.

Darasani utaitwa kwa jina lako la kwanza, bila shikamoo. Usikasirike. Fimbo sahau kabisa: tangu 1979 hata mzazi haruhusiwi kumchapa mwanawe.

Kabla ya kuanza, omba polisi taarifa ya rekodi ya makosa. Shule lazima iione. Jiandikishe pia Bostadsförmedlingen, foleni ya nyumba za kupanga. Za katikati ya jiji husubiriwa miaka.