Wachoreeni Watoto Utoto Wenu

Je, watoto wenu wanajua kwamba ninyi nanyi mlikuwa watoto? Tuchukue mfano wa nyumba moja iliyoko Nairobi. Baba alizaliwa upande wa Mwingi, Kitui, mwaka 1976. Mama ni wa vilimani Mbooni, Makueni. Watoto wakiuliza habari za zamani, mama husimulia maembe, kahawa na maji ya kijito. Baba hunyamaza. Siku moja mama anasema kwa mzaha, "Baba yenu alikulia jangwani." Watoto wanacheka, baba anatoka nje.

Mama hakukusudia ubaya. Hajui tu kwamba katika ukame wa 1984 mumewe, akiwa na miaka minane, alikuwa akiamshwa usiku kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Wameoana miaka 20 na hajawahi kuambiwa.

Kwa nyumba kama hiyo tunapendekeza kazi moja: tengenezeni filamu fupi ya katuni juu ya utoto wenu. Msishtuke. Nyumba nyingi za Ukambani wakati ule hazikuwa na kamera, kwa hiyo hakuna picha za kuwaonyesha watoto. Jambo ambalo halikupigwa picha laweza kuchorwa, na sauti ya aliyekuwapo ikashuhudia. Mkenya mwenzetu Ng'endo Mukii alifanya jambo la jinsi hiyo katika filamu yake Yellow Fever ya mwaka 2012, inayohusu wanawake na rangi ya ngozi. Humo twamsikia mpwa wake mdogo akieleza anavyotamani kuwa mweupe. Michoro yaweza kuwa ya kubuni, lakini sauti ya mtoto ni ya kweli, nayo huuma.

Anzeni na sauti, wala msiguse penseli kwanza. Simu ya kawaida yatosha, mradi madirisha yafungwe na mvua isiwe inapiga mabati. Mume amhoji mke, kisha mke amhoji mume, na anayehoji asisahihishe. Hapa ndipo ndoa nyingi hushindwa: mmoja akianza kusimulia, mwenzake humalizia. Msiulize, "Maisha yalikuwaje?" maana jibu litakuwa "Magumu," na mambo yataishia hapo. Ulizeni: Maji mlichota wapi? Punda alikuwa wa rangi gani? Nani alitwanga muthokoi? Akinyamaza, msizime simu. Ngojeni.

Kisha nendeni kwa wazee. Susu aseme Kikamba chake, ninyi mwandike Kiswahili chini ya picha. Mtajifunza mengi. Atasema alizaliwa Machakos, mjukuu atabisha kuwa ni Makueni, na wote wawili wana haki, kwa sababu wilaya ya Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Wazee hawahesabu miaka kwa kalenda peke yake. Njaa zina majina. Ile ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye. Nyingine, ya miaka ya 1980, iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika pesa mkononi, kwa kuwa pesa zilikuwapo na chakula cha kununua hakikupatikana. Mtu akisikia jina hilo kinywani mwa mama mkwe wake hatafanya mzaha wa jangwa tena.

Katika mahojiano hayo yatatoka pia mambo ya aibu: baba aliyehama nyumba, mtoto aliyetolewa shule ili ndugu yake asome. Aliyetendewa ndiye mwenye habari hiyo. Mwulizeni kabla ya kuchora, na akisema hapana, iwe hapana, hata kama ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mume asilitumie jambo la mkewe kupamba filamu, wala mke la mumewe.

Sasa michoro. Katuni laini huhitaji michoro kama 12 kwa kila sekunde, yaani 1,440 kwa dakika mbili. Hakuna familia yenye muda huo! Chukueni michoro 20, kila mmoja ukae sekunde sita huku sauti ikiendelea, nanyi mmepata dakika mbili. Hapa na pale tu ndipo kitu kisogee: mkono unaoteka maji, mkia wa punda. Wakatieni watoto maumbo ya karatasi, fungeni simu juu ya meza isitikisike, pigeni picha, sogezeni kidogo, pigeni tena. Programu za bure za simu huziunganisha. Twapenda zaidi mchanga wa mtoni, uliochekechwa na kumwagwa juu ya kioo chenye taa chini yake, ukachorwa kwa kidole. Habari ya kisima cha mchangani yafaa kuchorwa kwa mchanga wenyewe.

Ndugu wawili wakikumbuka tofauti, msiamue kesi. Acheni sauti zote mbili. Punda awe wa kijivu, kisha ageuke kahawia.

Sauti zote, hata zisizotumika, zihifadhiwe mahali pawili. Na filamu ikimalizika msikimbilie kuionyesha kwenye jumuiya au kuituma kwa marafiki. Mpelekeeni kwanza aliyesimulia, mketi naye. Susu akisema kibuyu chake hakikuwa na shingo ndefu hivyo, kichoreni upya.