Nenosiri la Waifai: Ufunguo Mmoja, Watumiaji Wengi

Maduka, hoteli, shule na ofisi nyingi siku hizi zina waifai, na mara nyingi nenosiri hubandikwa ukutani. Wakazi wengi hudhani kazi yake ni kuruhusu watu kuingia kwenye intaneti tu. Lakini nenosiri hilo pia hutumika kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza ili asiyehusika asiweze kuyasoma yakipita hewani.

Linavyofanya kazi

Katika mfumo wa WPA2, ambao bado unatumika sana, nenosiri huwa na herufi 8 hadi 63. Simu na ruta, kila moja kivyake, huchanganya nenosiri na jina la mtandao kwa hesabu inayorudiwa mara 4,096, na kupata ufunguo wa siri wa biti 256. Nenosiri lenyewe halitumwi. Vifaa hivyo hubadilishana jumbe nne kuthibitisha kwamba vina ufunguo uleule, na katika mabadilishano hayohayo hutengeneza ufunguo wa muda wa kutumia wakati huo.

Hatari zake

Kwanza, aliye karibu anaweza kunasa jumbe hizo, kisha kwa wakati wake akajaribu manenosiri mengi kwa kompyuta. Jina la duka au namba ya simu hukisiwa upesi.

Pili, anayejua nenosiri tayari akinasa jumbe hizo anaweza kuupata ufunguo wa muda wa mteja mwenzake. Tovuti zinazoanza na https bado humlinda mteja, kwa kuwa zina usimbaji wao.

Tatu, mfanyakazi aliyeondoka huondoka na siri, na ruta haiwezi kumtofautisha na waliobaki.

Hatua za kuchukua

1. Badilisha nenosiri lililokuja na ruta. Tumia maneno manne au zaidi yasiyohusiana.
2. Fungua mtandao wa wageni wenye nenosiri lake. Kompyuta ya mauzo na rekodi isiwe kwenye mtandao wa wateja.
3. Badilisha nenosiri kila mfanyakazi anapoondoka.
4. Ruta ikiwa na WPA3, mfumo uliozinduliwa mwaka 2018, itumie. Huzuia kukisia nenosiri kwa jumbe zilizonaswa.

Wenye biashara wakumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Daftari la wateja lililo kwenye kompyuta ya duka ni taarifa za watu.