SOMO: KAZI YA KUPOKEA WAGENI HOTELINI



Huenda umewahi kusimama mbele ya meza ya uandikishaji na jina lako likaandikwa vibaya. Basi unajua matokeo yake. Siku ya mgao kadi ina jina moja na orodha ina jingine, nawe unaambiwa usubiri. Likumbuke jambo hilo unaposoma somo hili, kwa sababu linahusu kazi ya mtu anayekaa upande wa pili wa meza.

Hoteli za majumba ya mashambani

Huko Uingereza kuna majumba makubwa ya mashambani yaliyojengwa zamani na matajiri wenye ardhi. Katika karne ya 20 kodi za urithi na gharama za matunzo ziliwashinda wengi wao. Mamia ya majumba yalibomolewa, mengine yakageuzwa kuwa shule au hoteli. Mfano mmoja ni Cliveden, jumba lililojengwa mwaka 1851, ambalo baadaye lilifanywa hoteli.

Wakimbizi kadhaa wa Kongo walihamishiwa Uingereza kwa mpango wa Gateway, ulioanza mwaka 2004. Mtu anayefika huko anaweza kukutana na kazi ya namna hii. Lakini mambo yafuatayo yatakufaa mbele ya meza yoyote ya mapokezi.

Mambo ya kuzingatia

Mpokea wageni hujibu simu, huandika nafasi za vyumba, hutoa funguo na hutayarisha hesabu ya mgeni. Awe mwangalifu hasa katika mambo haya:

1. Jina. Kwetu watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Kwa Waingereza orodha hupangwa kwa jina la ukoo. Mwombe mgeni alitaje herufi moja moja, kisha msomee ulichoandika. Usione haya kuuliza mara ya pili.

2. Saa. Mwingereza huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane. Akiomba aamshwe saa 7 asubuhi, kwetu ni saa 1. Ukimgongea mlango saa 7 yetu, treni yake imeondoka zamani.

3. Tarehe. Mwingereza hutanguliza siku, Mmarekani hutanguliza mwezi. Kwa hiyo 4/7 ni tarehe 4 Julai kwa mmoja na tarehe 7 Aprili kwa mwingine. Andika jina la mwezi.

4. Daftari la wageni. Sheria ya mwaka 1972 inaitaka hoteli iandike jina na uraia wa kila mgeni mwenye miaka 16 au zaidi, na itunze kumbukumbu hizo kwa miezi 12. Daftari hilo si la kila mtu. Mtu akipiga simu kuuliza kama fulani amelala hapo, usijibu ndiyo wala hapana. Pokea ujumbe tu. Huenda mgeni huyo anamkimbia mtu, nawe unajua maana ya kukimbia.

5. Moto. Hatari ikitokea usiku, watu hukusanyika nje na kuitwa kwa orodha ya mapokezi. Ambaye jina lake halimo anaweza kusahaulika ndani.

Linda jina lako pia

Mtu akikuahidi kazi ya hoteli Ulaya kwa malipo, usimpe pesa, kadi wala picha yako. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu fedha ili amtafutie kazi kama hii. Huduma za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, hazilipiwi. Ukidaiwa pesa, toa taarifa katika ofisi ya ulinzi.

Zoezi

Kaeni wawili wawili. Mmoja awe mgeni, mwingine awe mpokezi. Mgeni ataje jina lake kamili mara moja tu. Mpokezi aliandike, kisha alisome kwa sauti. Badilishaneni.

Maswali:
(a) Ni herufi ngapi zilikosewa?
(b) Mgeni wa Kiingereza anataka chai saa 8 asubuhi. Kwetu ni saa ngapi?
(c) Mwanamume anakuja mapokezi usiku na kusema anamtafuta mke wake. Utamjibu nini?

Jadilini swali la tatu na wenzenu nyumbani.