Mdogo Wangu, Mjue Mtoto wa Jirani

Wadogo zangu, leo nina maswali matatu mkononi, na yote naona yana jibu moja. Mwulizaji wa kwanza amehamia Kinyerezi akiwa na mtoto wa miezi mitano. Mumewe anatoka saa 11 alfajiri na kurudi usiku, na ng'ambo ya ukuta wake hamjui mtu hata kwa jina. Wa pili yuko Goba, ana pacha, na kinachomkosesha usingizi ni kutojua atamwita nani mmoja akizidiwa usiku. Wa tatu anataka kuwakutanisha wazazi wa mtaani kwake lakini anaogopa ataambiwa ana kimbelembele.

Kwanza niwaambie, upweke huo haukutokana na ubaya wenu. Mwanamke akijifungua kwetu, mama mzazi au mama mkwe anakuja. Anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga na mtori, anamwogesha mtoto, anamfukuza mgeni asiyenawa mikono. Arobaini ikiisha, bibi anafunga mzigo anarudi Lushoto au Bukoba kwenye mashamba yake, na nyumba inabaki na mtu mmoja aliyechoka na mtoto anayelia. Aliyeajiriwa naye anahesabu siku, maana sheria ya kazi ya Tanzania inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kama ni mapacha, kisha ofisi inamtaka.

Zamani hali hii ilipata msaada kutoka kwenye nyumba zenyewe. Nyumba za Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikuwa na korido katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako wapangaji wote walipika, walifua na kuanika. Mtoto akitambaa kuelekea jiko la mkaa, mikono minne inamwahi. Sasa tumenunua viwanja pembezoni mwa jiji, tumejenga kuta ndefu na kuweka mageti, na siwalaumu wanaojenga, kila mtu anataka usalama. Lakini ule uani tuliuacha Kariakoo, na hakuna fundi atakayetujengea mwingine. Ni sisi wazazi tutakaouanzisha tena, nyumba kwa nyumba.

Sasa unaanzaje? Usiitishe mkutano. Usiende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba tangazo. Anza na kinamama wawili watatu wenye watoto wa rika la wako, na mahali pa kuwapata unapajua: kliniki. Chanjo za mtoto zinakuita wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela, na katikati unakwenda kupima uzito. Maana yake wale mnaokaa nao benchi moja, kadi mkononi, mtoto amevuliwa nguo anasubiri mizani, mtakutana tena na tena. Badala ya kuinamia simu, muulize mwenzako anaishi upande gani. Ukisikia anataja duka unakonunua unga wewe, chukua namba yake.

Halafu mwalike Jumamosi saa 10 jioni, jua likishapungua. Mkeka chini ya mwembe, chupa ya chai ya tangawizi, vitumbua kama una nguvu ya kupika, na kama huna, chai inatosha. Wakija wawili mmekutana. Acha watoto wagombanie mpira na mama zao waongee wanachotaka. Mara ya kwanza watazungumzia bei ya nepi na namna watoto wanavyokataa kulala. Mara ya tatu au ya nne mmoja atasema kwamba tangu ajifungue analia bila sababu na hajamwambia mtu. Ukifika hapo, umoja wenu umeshazaliwa, hata kama hauna jina. Na mama huyo, akiendelea hivyo wiki baada ya wiki, msindikizeni kliniki akamweleze nesi, kwa sababu huzuni ya baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika kama magonjwa mengine.

Hapa nina neno kali kidogo, mnisamehe. Msikimbilie pesa. Nawajua wenzangu wa Dar es Salaam. Tukikutana watu watano, wiki ya pili tuna sare, wiki ya tatu tuna mchango, na wiki ya nne mtu ameacha kuja kwa sababu hana elfu kumi. Mama asiye na hela ndiye anayeuhitaji zaidi mkeka wenu. Mchezo wa kupeana fedha ni mzuri, nami naupenda, lakini utafutieni siku yake na kijumbe wake, na anayelea asilazimishwe kucheza. Hata mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ambayo wanawake wametengewa asilimia 4, ina taratibu zake za usajili na marejesho. Wakitaka kuifuata, waunde kikundi cha biashara. Mkeka wa watoto uacheni uwe mkeka wa watoto.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote ni ushauri tunaopeana kuhusu afya. Palipo kinamama pana dawa, na si zote za kuaminika. Nilikuwepo siku mtoto wa jirani alipopata degedege. Homa ilikuwa imepanda tangu asubuhi, mchana macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, akapiga kelele asipelekwe hospitali kwa sababu akichomwa sindano atakufa, atafutwe mtu wa kumfukiza. Mwingine alitaka kumtia kijiko mdomoni. Aliyeokoa jahazi ni mama wa nyumba ya tatu, ambaye hakubishana na mtu. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akalegeza nguo shingoni, akazuia kijiko, huku akimpigia kijana wa bajaji ambaye namba yake wote tulikuwa nayo. Kituo cha afya walipima, wakakuta malaria, wakatibu.

Ningetaka kila mkeka uwe na mama kama yule, na namna ya kumpata ni kujifunza kabla ya siku mbaya kufika. Maeneo mengi yana wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na nesi wa kliniki mara nyingi yuko radhi kuja kukaa nanyi saa moja akiombwa kwa heshima. Mwambieni aanze na haya: degedege, kuharisha, na dalili za kumkimbiza mtoto kituoni bila kusubiri asubuhi. Kwa kuharisha, pakiti ya ORS na vidonge vya zinki viwepo kwenye kila nyumba. Zinki inaendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshatulia. Pakiti ikikosekana usiku, chemsha maji ya lita moja, yapoe, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, usizidishe chumvi. Nyonyesha huku unampa.

Na mtu akileta habari ya kung'oa "meno ya plastiki" au kukata kimeo, tafadhali msinyamaze kwa kuogopa kumvunjia heshima mkubwa. Ule uvimbe kwenye ufizi wa kichanga ni jino la kawaida linalojiandaa kutoka. Anayelichimba kwa kitu cha ncha anamtia mtoto jeraha, na jeraha linaingiza vijidudu kwenye damu. Mwambieni shikamoo, mpisheni kiti, mpeni chai, na mtoto msimpe.

Chakula nacho mnaweza kukisimamia kwa pamoja kuliko kila mtu peke yake. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji hayahitajiki. Baada ya hapo uji unaanza, na ndipo tunaponunua unga wa lishe uliochanganywa mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele na vingine usivyovijua vimekaa ghala gani. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi na karanga ndiyo mazao inayoyapenda. Haionekani yote kwa macho na haiishi kwa kuchemshwa. Kwa hiyo nunueni nafaka wenyewe, kwa pamoja inakuwa nafuu, zilizokauka vizuri. Kaeni mkekani mchambue, karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kisha mpeleke mashineni kidogokidogo, unga wa wiki mbili tatu. Kazi ya kuchambua karanga na kuongea haijawahi kumchosha mwanamke wa pwani.

Sasa niwaulize: nani anakaa na mtoto wako kutwa? Kwa wengi wetu ni dada wa kazi, mara nyingine binti wa miaka 18 ambaye hajawahi kuonyeshwa namna ya kumlaza mtoto anayetetemeka kwa homa. Tunajifunza sisi, na anayebaki nyumbani ni yeye. Mleteni mkekani, akae, anywe chai kama mtu, asiletwe kuosha vikombe. Awe na namba za wale mama wa karibu, na awe na ruhusa ya kuwapigia bila kukuomba kwanza. Baba naye asiachwe. Hakuna haja ya kumlazimisha kukaa kwenye mkeka wa kinamama, lakini mechi ya watoto Jumapili uwanjani inaweza kuwa yake, na baba akishawajua watoto wa mtaa kwa majina, anaanza kuwasimamisha bodaboda wanaopita kasi.

Wale mnaorudi kazini, zungumzeni pia mambo ya haki na ya vituo. Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwenda kunyonyesha, na wengi wanaisikia mara ya kwanza mkekani. Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kiwe kimesajiliwa. Uliza cheti, halafu nenda saa ambayo hukutarajiwa, uangalie vyoo, ukuta, na mlezi mmoja ana watoto wangapi. Mkiwa watatu mnaouliza, mwenye kituo anajibu kwa adabu zaidi.

Kuna nyumba moja kila mtaa ambayo mtoto wake haonekani. Ana mtindio wa ubongo, au usonji, au jambo ambalo familia haijaambiwa jina lake, na mama yake ameacha kutoka kwa kuchoshwa na macho ya watu na maneno kwamba kalogwa au kamtoa mtoto kafara. Huyo msimsubiri aje. Nendeni kwake, wawili tu, mkamsalimie na mtoto pia kwa jina. Nimeona mama wa namna hiyo akitoka na mwanawe mgongoni baada ya miezi, akakaa pembeni ya mkeka, na watoto wenzake wakazoea mapema kuliko watu wazima. Umoja wa wazazi ambao haumfikii yeye, mimi siuhesabu kuwa umekamilika.

Mtagombana, hilo lipo. Mara nyingi linaanza na kulinganisha: "Wako bado hajatembea?" Mtoto anaweza kuanza kutembea wakati wowote kati ya miezi 9 na 18 na akawa mzima kabisa, kwa hiyo swali hilo kufeni nalo moyoni. Jingine ni siri. Yaliyosemwa mkekani kuhusu ndoa ya mtu yasifike saluni. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kuitana na kupashana habari ya siku ya chanjo, ila picha ya mtoto wa mwenzako, hasa akiwa uchi au mgonjwa, haiwekwi humo bila ruhusa ya mama yake. Siri moja tu haifichwi: mtu akimuumiza mtoto au kumshika vibaya, awe mjomba, mwalimu au jirani mnayempenda, mnapiga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, na mnampeleka mtoto hospitali kabla hajaogeshwa.

Na wewe unayeogopa kuambiwa una kimbelembele, utaambiwa. Watasema unatafuta ujumbe wa serikali ya mtaa. Endelea kuchemsha chai. Wale wale watakuja na watoto wao mvua za masika zikianza na homa zikishika nyumba zote.

Kabla wiki hii haijaisha, wewe unayesoma, kapige hodi kwa jirani mwenye mtoto. Mwambie jina lako na la mwanao, muulize la wake, na mbadilishane namba za simu. Kisha niandikieni, mniambie mmekuwa wangapi.