Faida Imo Daftarini, Fedha Ziko Wapi?

Kikundi cha ushonaji chaweza kumaliza mwezi wa Januari kikiwa na faida, na bado kikashindwa kulipa rejesho la mkopo wake. Jambo hili huwashangaza wanakikundi, na mara nyingine huzaa tuhuma dhidi ya mweka hazina asiye na kosa lolote. Taarifa tatu za hesabu hulifumbua fumbo hilo.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachoshona sare za shule. Kilianza mwezi kikiwa na fedha taslimu shilingi 350,000, vyerehani vyenye thamani ya shilingi 900,000, na deni la shilingi 900,000, ukiwa ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Taarifa ya kwanza ni ya faida na hasara. Sare zilizouzwa mwezi huo zilikuwa za shilingi 1,800,000. Kitambaa, uzi na vifungo vilivyotumika kuzishona viligharimu shilingi 900,000. Kodi ya chumba, umeme na ujira wa mafundi shilingi 390,000. Na uchakavu wa vyerehani ulikadiriwa kuwa shilingi 30,000. Faida ni shilingi 480,000. Fedha ambazo mwanakikundi huchukua kwa mahitaji ya nyumbani haziingii hapa, kwa kuwa hizo si gharama za biashara; huandikwa peke yake, na kwa bahati mbaya ndizo zinazosahaulika zaidi.

Taarifa ya pili, ya mtiririko wa fedha, huhesabu kile tu kilichoingia na kutoka mkononi. Katika mauzo yale, sare za shilingi 600,000 zilichukuliwa kwa mkopo na wazazi walioahidi kulipa baada ya mavuno. Kwa hiyo ziliingia shilingi 1,200,000 tu. Zilizotoka ni shilingi 390,000 za uendeshaji na shilingi 1,100,000 za vifaa, kwa sababu kikundi kilinunua akiba ya kitambaa cha shilingi 200,000 ambacho hakijashonwa. Uchakavu haumo, kwani hakuna aliyelipwa. Fedha zilipungua kwa shilingi 290,000. Sandukuni zikabaki 60,000. Rejesho la shilingi 150,000 halitoshelezwi.

Je, faida imepotea? Mizania, iliyo taarifa ya tatu, hujibu. Siku ya mwisho wa mwezi kikundi kina fedha shilingi 60,000, madai kwa wazazi 600,000, kitambaa 200,000 na vyerehani 870,000, jumla 1,730,000. Ukiondoa deni la 900,000, mtaji wa wanakikundi ni shilingi 830,000. Mwanzoni ulikuwa 350,000. Umeongezeka kwa shilingi 480,000, yaani faida ile ile. Haikuibiwa, imelala katika madeni ya wazazi na katika majora ya kitambaa.

Mkutano wa kikundi unaosoma taarifa hizi kwa pamoja hujadili mambo yenye maana: kudai malipo ya awali kabla ya kukata kitambaa, kuweka ukomo wa sare za mkopo, na kumweleza mapema Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu rejesho, badala ya kusubiri atume barua.

Mfanyabiashara binafsi ana sababu nyingine ya kutunza kumbukumbu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000. Aliyekuwa nazo alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi shilingi 4,000,000, yaani shilingi 30,000. Viwango huweza kubadilishwa na Bunge kila mwaka. Vinavyotumika sasa huulizwa katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu, na ni vema kwenda na daftari lenyewe.