Nuru na Bakuli la Uji

Tuchukue mfano wa mama lishe wa Nkuhungu, Dodoma, auzaye uji wa ulezi, vitumbua na chapati chini ya turubai la buluu. Kila asubuhi huipiga picha meza yake kwa simu na kuwapelekea wateja walioko maofisini ili waagize mapema. Uji wake ni mzito, una karanga, na rangi yake ni hudhurungi. Lakini pichani huonekana kama majivu yaliyokorogwa. Wateja huagiza chai na mkate kwingine. Je, kosa ni la uji, la simu, au la nuru?

Kosa ni la nuru. Kitu huwa na rangi kwa sababu hufyonza sehemu ya nuru inayokiangukia na kuakisi sehemu iliyobaki. Uji wa ulezi huakisi zaidi nuru nyekundu na ya manjano. Turubai la buluu huzipunguza sana nuru hizo, hivyo uji hukosa cha kuakisi. Mama mwenyewe haligundui jambo hili, kwa maana jicho na ubongo huizoea nuru ya mahali. Kamera nayo hujaribu kusahihisha, lakini haiwezi kurudisha nuru ambayo haikufika. Dawa ni kuisogeza meza hadi ukingoni mwa turubai, nuru ya anga iingie kutoka upande mmoja.

Upande mmoja, tumesema, na kwa makusudi. Nuru itokayo nyuma ya mpiga picha, au taa ya simu yenyewe, hufuta vivuli. Na bila vivuli kitumbua huwa bapa na chapati haionyeshi matabaka yake. Kivuli kikizidi weusi, simamisha karatasi nyeupe upande wa pili.

Sasa tutazame mvuke, maana ndio umwambiao mteja kwamba uji ni wa moto. Mvuke halisi wa maji hauonekani kwa macho. Tuonacho juu ya bakuli ni matone madogo mno, yaliyofanyika mvuke ulipopoa. Matone hayo hutawanya nuru zaidi kuelekea kule kule iendako. Kwa hiyo bakuli liwe kati yako na nuru, pembeni kidogo, na nyuma yake pawe na kitu cheusi, kama mlango wa jiko lenye giza. Asubuhi za baridi za Juni na Julai husaidia. Ila hewa kavu ya Dodoma huyakausha matone upesi, basi usichelewe.

Kuna hila zisizofaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika matangazo ya supu ya Campbell huko Marekani, gololi ziliwekwa ndani ya bakuli ili mboga zisizame. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliingilia kati, na shauri likamalizika mwaka 1970 kwa amri ya kuikataza hila hiyo. Karanga za uji nazo huzama. Zinyunyizwe juu dakika ile ile picha inapopigwa, kwa kiasi kile kile atakachopewa mteja.