Mafunzo Niliyopata Nikitengeneza Filamu ya Vikaragosi Nyumbani

Filamu yangu ni ya dakika mbili: Sungura anamwibia Fisi maharage jikoni. Niliitengenezea chumbani kwangu Tanga, kwa simu, taa ya mezani na vikaragosi viwili. Unapiga picha, unakisogeza kikaragosi kidogo, unapiga nyingine. Picha zikichezwa mfululizo, jicho linaona mwendo. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye hadithi na simu.

1. Piga hesabu kabla ya kuandika

Sinema hucheza fremu 24 kwa sekunde. Sisi wa nyumbani hupiga picha 12, kila moja ikakaa fremu mbili, na mwendo unaridhisha. Hata hivyo dakika moja inakula picha 720. Hesabu hiyo ndiyo iliyoihariri hadithi yangu. Soko liliondoka, harusi ikaondoka, likabaki jiko moja na chungu kimoja. Hadithi haikupungukiwa kitu. Wawili wanaokitamani chungu kimoja wanatosha kabisa.

2. Anza na mifupa

Udongo wa mfinyanzi hukauka ukapasuka, kwa hiyo kikaragosi kinahitaji mifupa ya waya ndani yake. Waya wa kufungia nondo nao, ukikunjwa mara nyingi pale pale, hukatika. Waya wa alumini ni laini na unavumilia, hasa ukisokota nyuzi mbili pamoja. Juu yake nilifunga vipande vya sponji ya godoro, kisha nikavisha mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani. Nyayo nilizikata kwenye soli ya kandambili kuukuu: pini inapenya kirahisi hadi kwenye ubao laini, na Fisi anasimama hata kwa mguu mmoja.

Nguo iwe ya kubana. Ukiitazama King Kong ya mwaka 1933, manyoya ya yule sokwe yanatikisika bila upepo, kwa sababu kila alipoguswa ili asogezwe, vidole viliyavuruga. Kitenge kilicholegea hufanya vivyo hivyo.

3. Mwanga usibadilike

Wingu likipita dirishani, kwenye filamu linaonekana kama taa inayozimika na kuwaka. Ziba dirisha kwa blanketi au fanya kazi usiku. Kwenye simu, funga fokasi, mwanga na rangi, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe katika kila picha. Vaa shati jeusi, maana jeupe hurudisha mwanga juu ya vikaragosi. Zima feni. Na usiiguse simu: kwa simu nyingi, kitufe cha sauti cha earphone kinapiga picha.

4. Uhai uko kwenye umbali

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Ukiusogeza mkono kwa hatua zilizo sawa, unapata mashine. Kiumbe huanza polepole, hushika kasi, hupunguza mwendo kabla ya kusimama. Kwa hiyo hatua za kwanza ziwe ndogo sana, za katikati ziwe pana, za mwisho zipungue tena. Na kabla ya kwenda mbele, mwili hurudi nyuma kidogo, kama mtu anayejiandaa kuruka mfereji.

Chungu cha Fisi ni kizibo cha chupa nilichokipaka masizi, chepesi mno. Ili kionekane kizito, nilimfanya Fisi akishike, akunje mgongo, ashushe kiuno, na chungu kibaki chini kwa picha kadhaa. Ndipo kikainuka. Uzito wote umetoka mgongoni.

Macho nayo hutangulia. Sungura anageuza macho, kisha kichwa, kisha kiwiliwili. Ukiyafuata hayo, mtazamaji anaamini kuwa Sungura amewaza. Mwache pia atulie. Sungura akiganda sekunde nzima baada ya kusikia mlango, watu wanashika pumzi.

5. Rekodi sauti mapema

Mazungumzo yarekodiwe kwanza, kisha mdomo uyafuate. Mfuniko wa sufuria halisi, hatua za kucha juu ya meza, mlio wa jiko la mkaa: hivyo vilikifanya chumba changu kiwe nyumba ya Fisi.

6. Usiache tendo katikati

Ukilala mkono wa Sungura ukiwa hewani, asubuhi waya umeshalegea. Maliza tendo, ndipo ufunge kazi.

7. Kazi hii imeshafanywa Afrika

Moustapha Alassane wa Niger alivipa uhai vikaragosi katika Samba le Grand mwaka 1977, na katika Kokoa ya mwaka 2001 akawaonyesha wanyama wakipigana mieleka ya kwao. Wahusika wake aliwachukua kwenye maisha na simulizi za watu wake, na hilo ndilo ninalolitamani kwetu. Sungura na Fisi tunao, sauti za bibi zetu tunazo. Anza na sekunde tano wiki hii. Ni picha 60.